Tamthilia ile irudi, lakini ingoje kaskazi

Ndugu Mhariri,

Kwa wiki kadhaa sasa safu hii imejaa mabishano juu ya tamthilia ya kihistoria iliyoonyeshwa mwaka jana, ile ya Bagamoyo ya miaka ya 1880 na vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wengi wanadai msimu wa pili uanze upesi kabla watazamaji hawajasahau. Wachache wanasema iachwe pale ilipofika. Sisi mafundi wa maleba, mandhari na vyombo vya bahari hapa mjini tuna jibu la tatu. Irudi, ila kamera zisifunguliwe mpaka upepo wa kaskazi uwe umeingia, na hadithi iishe kwa sehemu 13. Kuzidisha hapo ni kulitia maji tui la kasimele.

Tuanze na upepo, kwa kuwa makosa mengi ya msimu wa kwanza yalitokana na watu kupiga picha siku fedha zilipopatikana, bila kuangalia mwezi wala majira. Katika sehemu ya tatu jahazi linawasili kutoka Maskati, mabaharia wanaimba, na nyuma yao minazi yote imelalia kaskazini. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba hiyo ni kusi, tena kusi kali ya Juni au Julai. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilishuka na kaskazi, kati ya Novemba au Desemba na Machi, vikarudi makwao na kusi. Jahazi la Maskati kuingia Bagamoyo mwezi wa Julai ni kama basi la Tanga kuingia stendi kinyumenyume. Onyesho lile lingepigwa Januari, minazi yenyewe ingetoa ushahidi bila mwigizaji kutamka neno.

Baada ya upepo yanakuja maji. Ufuko wetu hauna kina. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, na maji yakitoka bahari huenda mbali, vyombo vikabaki vimelala ubavu juu ya matope. Ndiyo maana katika sehemu ya sita liwali anazungumza maji yakiwa yamemfika vifundoni, kamera inamgeukia anayejibiwa, na huyo yuko kwenye mchanga mkavu. Hawakukosana na mwongozaji. Nusu ya mazungumzo ilipigwa asubuhi na nusu baada ya chakula cha mchana, basi.

Dawa yake ni hesabu tu. Hapa kwetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo anayetaka bahari iliyojaa na mwanga laini wa jioni apige siku za bamvua yenyewe, kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja. Anayetaka jua linachomoza na maji yako tele achukue siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, maana kujaa kunakuwa kumesogea hadi karibu na macheo. Siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvua na bamvua, zinafaa kwa mazungumzo marefu ufukoni, kwa kuwa maji hayakimbii sana. Onyesho likikatika, lisimaliziwe kesho yake saa ile ile. Lingojee siku kama 15, maji yarudi pale pale kwa saa ile ile. Jedwali la kupwa na kujaa linapatikana kabla mwaka haujaanza, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Na tafadhali, jua lisizame tena baharini. Bagamoyo inatazama mashariki. Jua letu huchomoza baharini na huzama nyuma ya minazi upande wa Dunda. Machweo yale mazuri ya sehemu ya mwisho yalipigwa ufuko mwingine kabisa, na kila mvuvi wa hapa aliyatambua.

Kuhusu vyombo vyenyewe, tanga la turubali la plastiki linang'aa juani hata likipakwa matope. Linatakiwa tanga la pamba. Kamba za nailoni zifichwe au ziondolewe, na mahali pake ziwekwe kamba za makumbi ya nazi. Msitie kamba za katani mkidhani mmefanya uungwana. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche iliyosalimika safari ilikuwa 62 tu kati ya 1,000. Hivyo shamba la mkonge wanalopita wapagazi katika sehemu ya nne limewatangulia wenyewe kwa miaka mitano au zaidi. Shetri la jahazi likaguliwe pia. Vyombo vingi vya sasa vimechongwa nafasi ya mashine nyuma, na nafasi hiyo inaonekana kila chombo kinapogeuka. Ubao mmoja uliopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, unatosha kuiziba.

Nguo ndiyo iliyotuumiza zaidi, na ndiyo nyepesi kuliko yote kurekebisha. Wapagazi wa msimu wa kwanza walivaa shuka nyeupe pe pe pe, kama za wodini. Merikani ya wakati ule, kitambaa cha shuka hizo, haikupaushwa. Ilikuwa na rangi ya ugali wa mahindi yasiyokobolewa, na baada ya miezi barabarani ilikuwa rangi ya barabara. Amerikani ya madukani leo inafaa kabisa, ila itengenezwe. Kwa yadi 15, chemsha maji lita 40 na nusu mche wa sabuni, tumbukiza kitambaa saa nzima, kisha suuza mpaka povu liishe. Kazi ya hatua hii ni kutoa wanga wa kiwandani. Ukiiruka, rangi itashika hapa na kukataa pale, na kitambaa kitatoka na mabaka kama ukuta uliovujiwa. Kisha loweka usiku kucha katika maji yenye shabu gramu 200, ili rangi ikamate. Asubuhi chemsha nusu kilo ya majani ya chai kwa dakika 20, na uyachuje yote, maana jani moja likibaki linaacha doa jeusi. Tia kitambaa kikiwa kimelowa, koroga kwa mwiko mrefu bila kupumzika kwa dakika 40. Kianikwe kivulini, juu ya kamba na si juu ya waya, kwa sababu waya huacha mstari wa kutu. Mwisho sugua mabega na pindo kwa jiwe.

Hesabu ya kitambaa ni hii. Shuka moja ilikuwa mikono minne, sawa na yadi 2, na shuka mbili zilifanya doti. Wapagazi 60 wakipewa doti moja moja ni yadi 240, yaani jora nane za yadi 30. Hiyo si bajeti ya kumshtua mtayarishaji yeyote aliyekodi droni tatu.

Kaniki bado inauzwa, lakini mpya inameremeta. Ifuliwe mara mbili kwa magadi. Pindo zinazokaribiwa na kamera zishonwe kwa mkono, kwa kuwa mshono wa zigizaga wa cherehani ya kisasa unaonekana wazi kwenye runinga za siku hizi. Kuna kanga pia. Bibi harusi wa sehemu ya tano, ambayo kwa mujibu wa hadithi ni mwaka 1887, amejifunga kanga yenye jina lililoandikwa kwa herufi za Kirumi. Majina ya kanga yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Buibui nalo lilienea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanamke wa 1887 apewe leso au ukaya. Kope za kubandika hatutazisemea. Waliotazama waliziona.

Tofauti ya mavazi ilikuwa na maana kubwa zaidi ya urembo. Mtumwa hakuvaa viatu mbele ya bwana wake, wala kofia. Katika tamthilia yetu kila mwanamume amevaa kanzu safi na kofia ya viua, hata mchota maji. Mtazamaji hawezi tena kujua nani anamiliki nani, na hadithi nzima ya pwani ya wakati ule inategemea swali hilo.

Mizigo. Mpagazi alichukua frasila mbili, takriban kilo 32. Waigizaji wetu walibeba maboksi matupu, na shingo zao zilisema hivyo. Mtu mwenye mzigo hageuzi kichwa kumtazama anayezungumza naye. Anageuka mwili mzima, hatua zake ni fupi, na akisimama anatafuta mti wa kuegemeza. Hatutaki mtu aumizwe kwa ajili ya picha. Wale kumi wanaopita karibu na kamera wabebe mchanga wa kilo 12 hadi 15, uliofungwa ndani ya mtumba. Wale 50 wa nyuma wanatosha na makumbi yaliyofungiwa matofali mawili. Wanyamwezi wabebe begani, si kichwani. Mtumba, kwa wasiojua, ndilo lilikuwa jina la furushi la nguo la msafara, kabla halijahamia kwenye nguo kuukuu za sokoni. Mbele ya wote atembee kirangozi na bendera nyekundu. Safari hii asitembee katikati ya mstari kama kondakta.

Magobole yalipigwa mara nne mfululizo na mtu yule yule bila kushindiliwa. Kila risasi ilihitaji baruti, makumbi au kitambaa, risasi yenyewe, kushindilia kwa mdeki, na fataki. Ni karibu nusu dakika kwa mwenye mkono mwepesi. Nusu dakika hiyo ni hofu tupu, na mwongozaji aliitupa bure.

Majengo yanahitaji uangalifu wa aina mbili. Kwanza tarehe. Nyumba ya liwali katika msimu wa kwanza ni Boma la Wajerumani, lenye matao yake. Boma hilo lilijengwa mwaka 1897, miaka tisa baada ya vita vinavyosimuliwa. Ngome Kongwe ya mwaka 1860 ingefaa, na iko umbali wa kutembea. Upande wa Misheni, kanisa kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914, kwa hiyo kamera ielekezwe kanisa la kwanza la mwaka 1872. Mapadri wenyewe walikuwapo tangu 1868, hilo halina ubishi. Mapaa ya bati yafunikwe makuti, angalau yale yanayoingia kwenye picha. Kumi yanatosha ukichagua pembe vizuri.

La pili ni kuta. Kwenye nyumba mbili za mji mkongwe mafundi wa seti walipiga lipu ya saruji ili kuziba nyufa kabla ya kupiga picha. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na huvuta unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, chumvi hukusanyika nyuma yake, na baada ya masika mbili lipu hubanduka pamoja na chokaa ya kale. Safari hii itumike chokaa iliyolowekwa majini wiki tatu, ikichanganywa na mchanga usio wa baharini, sehemu moja kwa tatu. Haishiki upesi, kwa hiyo ianze mwezi mmoja kabla. Tunaomba wanaotoa vibali vya kupiga picha katika majengo ya kale waliweke sharti hilo kwa maandishi.

Sauti ni jambo dogo lakini linakera. Adhana kusikika mwaka 1888 si kosa. Kosa ni kipaza sauti.

Lugha, hata hivyo, inastahili aya yake. Waandishi wa skripti walisifiwa kwa Kiswahili fasaha, na kweli ni fasaha, ila cha leo. Mtoto anaambiwa aende "shule". Neno hilo limetokana na Kijerumani, na kabla yao mtoto wa Bagamoyo alikwenda chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Mfanyabiashara anadai "hela". Heller za Wajerumani zilianza kutumika mwaka 1904. Mwaka 1888 angedai reale, rupia au pesa, na hizo pesa za shaba zilitolewa na Sultani Barghash. Kama kamera itasogea kwenye sarafu, itafutwe reale yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, ambayo bado inasubiwa hadi leo na upana wake ni kama milimita 40. Sarafu ya 200 iliyopakwa rangi ya fedha haitapita. Na wageni wenyewe hawakuitwa "Wajerumani". Waliitwa Wadachi.

Mahali pa kujifunzia hapako mbali. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili, harusi, vyakula, safari za bara, madeni na matusi, na kitabu kikachapwa Ujerumani mwaka 1903. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga aliacha utenzi wa vita hivyo hivyo vya Wadachi. Mwandishi wa skripti akikaa na hao wawili kwa mwezi mmoja atapata msamiati wa kutosha misimu mitatu, na bei yake ni ndogo kuliko chakula cha siku moja cha kikosi cha kamera.

Sasa, kwa nini sehemu 13? Kwa sababu historia imekwisha kupimwa. Msimu wa kwanza uliishia Agosti 1888, bendera ya kampuni ya Wadachi ikipandishwa Pangani. Kilichobaki ni miezi 16. Tarehe 22 Septemba Bagamoyo inashambuliwa na askari wa manowari Leipzig wanateremka. Watu wanakimbilia Misheni. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Wadachi, anavamia boma la Abushiri, kiongozi wa upinzani, nje ya mji. Juni ni Saadani kwa mtawala wake, Bwana Heri, Julai ni Pangani na Tanga. Tarehe 4 Desemba msafiri Stanley na gavana Emin Pasha wanaingia Bagamoyo kutoka bara, wanafanyiwa karamu, na usiku huo huo Emin anaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya. Tarehe 15 Desemba Abushiri ananyongwa Pangani.

Wanaotaka sehemu mia wanatutolea mfano wa tamthilia ya Kituruki ya Sultani Süleyman, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kupendwa sana. Ile ilikuwa na sehemu 139 za asili, kuanzia 2011 hadi 2014. Lakini Süleyman alitawala miaka 46. Gawanya mwenyewe: ni sehemu tatu kwa mwaka. Kwa kipimo hicho sisi tungepata nne. Kumi na tatu ni ukarimu, na nafasi inayozidi ipewe watu waliosahauliwa mara ya kwanza.

Wa kwanza kati yao ni Wahindi. Msafara uliondoka Bagamoyo bila kupita dukani! Sewa Haji ndiye aliyekuwa akikodisha wapagazi na kuuzia misafara nguo, shanga na waya. Bila daftari lake Wazungu wengi wa wakati ule wasingefika Tabora. Duka moja lenye baraza, mizani ya frasila na karani lingefanya kazi kuliko maonyesho yote ya ngoma.

Wa pili ni watumwa wa Abushiri mwenyewe. Tamthilia ilimchora kama shujaa asiye na doa. Alipigana na wavamizi, hilo hakuna anayelikataa. Alikuwa pia na mashamba ya miwa Pangani, na miwa ile ililimwa na watumwa. Mwigizaji aliyepewa nafasi yake ana uwezo wa kubeba yote mawili. Skripti ndiyo iliyomwogopa.

Waigizaji wakuu wakiwa wameshikwa na kazi nyingine, kama baadhi ya wasomaji wenu wanavyohofia, bora kungoja mwaka mmoja kuliko kumbadilisha liwali katikati. Miezi 16 ni michache mno kwa mtu kugeuka sura.

Ratiba tunayopendekeza ni ya mafungu mawili. Fungu la kwanza Desemba hadi Februari, kwa majahazi, bandari, karamu ya Emin na Pangani. Fungu la pili Julai na Agosti, kiangazi, kwa misafara ya bara na mapigano ya Mei, maana Mei yenyewe ni masika na hakuna kamera inayopenda tope la Bagamoyo mwezi huo. Nyasi za Julai bado zina kijani cha kutosha. Jora nane zianze kuchemshwa Septemba na wapewe vijana wa kikosi wazivae nyumbani kila jioni. Kufika Desemba zitakuwa zimechoka kama inavyotakiwa.

Mafundi wa maleba, mandhari na vyombo vya bahari,
Bagamoyo